Mifupa ya sikio ilitoka kwenye taya: tunajuaje, na mamalia wanaanzia wapi?

Kirumbizi

Salaam wakuu. Vitabu vya shule vinatufundisha kumtambua mamalia kwa manyoya, maziwa na damu moto. Vyote vitatu huoza. Mtu aliyeshika kipande cha taya cha miaka milioni 200 anajuaje kwamba hiki ni cha mamalia, kile ni cha ndugu wa karibu wa mamalia, na kile kingine ni cha mamba tu?

Pili, nimesoma kwamba nyundo na fuawe, vile vijifupa viwili vya sikio la kati, zamani vilikuwa bawaba ya taya. Hapa ndipo ninapokwama. Mnyama hula kila siku. Bawaba inawezaje kuhama kazi bila mwenye taya kufa njaa njiani?

Tatu, Ruhuhu na Tendaguru, maeneo ya visukuku hapa Tanzania, zina mchango gani hasa katika habari hii, au tunazisifu kwa sababu ni kwetu?

Naomba majina ya visukuku na vipimo. Maelezo ya juu juu ninayo tayari.

---

PanjaMoja

Ndugu Kirumbizi, naanza na swali la pili, maana ukilielewa hilo, la kwanza litakuwa rahisi.

Taya la chini la kenge lina mifupa kadhaa kila upande. Wa mbele, unaobeba meno, ni dentari. Nyuma yake kuna surangula, angula na mingine, na mwishoni kabisa artikula. Artikula hukutana na mfupa wa fuvu uitwao kwadrati, na hiyo ndiyo bawaba yake. Sikioni kenge ana kijifupa kimoja, kinacholingana na kikuku chetu. Sasa chukua taya la mbuzi. Kila upande ni dentari peke yake, na bawaba iko kati ya dentari na skwamosa, mfupa mwingine kabisa wa fuvu. Sikioni kuna vijifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku.

Aliyeunganisha mambo haya mawili kwanza alikuwa Mjerumani Karl Reichert, mwaka 1837, kwa kuchunguza viinitete. Nyundo huanza kuota kwenye ncha ya nyuma ya gegedu la Meckel, fimbo ya gegedu iliyomo ndani ya taya la kiinitete, lile lile ambalo kwa mjusi ncha yake hugeuka artikula. Fuawe inalingana na kwadrati. Pete ya mfupa inayoshikilia ngoma ya sikio inalingana na angula. Ernst Gaupp aliikamilisha hoja hii mwanzoni mwa karne ya 20. Zingatia mfuatano wa wakati: hitimisho lilitoka kwenye viinitete, na visukuku vya hatua za kati vikaja kupatikana baadaye vikiwa na umbo lile lile lililotarajiwa. Kwangu mimi hakuna hoja yenye nguvu kuliko hiyo katika elimu nzima ya mageuko.

Ukoo wenyewe unaitwa sinapsida, na alama yake ni tundu moja la panja nyuma ya kila jicho. Miongoni mwa wa kwanza kabisa tunaowajua vizuri ni *Archaeothyris* wa Nova Scotia, Kanada, wa zaidi ya miaka milioni 300. *Dimetrodon*, yule mwenye tanga mgongoni anayeuzwa pamoja na wanasesere wa dinosaria, ni sinapsida pia, na aliishi mamilioni mengi ya miaka kabla ya dinosaria wa kwanza. Angula yake ina ubapa uliokunjwa kuelekea nje, na ubapa huo ndio utakaokuja kuwa pete ya ngoma ya sikio.

Kutoka hapo fuata dentari. Kwa *Thrinaxodon* wa Afrika Kusini, karibu miaka milioni 250 iliyopita, dentari imekuwa sehemu kubwa ya taya na ina bawa pana linalopanda kuelekea panja. Mifupa ya nyuma imekuwa fimbo nyembamba iliyolala kwenye mfereji upande wa ndani. Kwa *Probainognathus* wa Argentina, karibu milioni 235, surangula imeanza kugusana na skwamosa kando ya bawaba ya zamani. Kisha *Morganucodon*, ambaye vipande vyake vimepatikana kwa wingi kwenye nyufa za mawe ya chokaa huko Wales, na mafuvu mazuri kule Lufeng, China. Yeye ana bawaba mbili kamili kila upande: dentari ina kifundo cha mviringo kinachokaa kwenye kikombe cha skwamosa, na pembeni yake, kwa ndani, artikula na kwadrati bado zinagusana.

Kwa hiyo hakuna siku ambayo mnyama alikosa bawaba. Mpya ilijengwa kando ya ya zamani, zikafanya kazi pamoja kwa muda mrefu, halafu ya zamani ikapunguziwa mzigo hadi ikabaki na kazi ya kusikia, ambayo kwa sehemu ilikuwa inaifanya tangu awali. Sauti nzito hupita kwenye taya la sinodonti, yaani kundi la sinapsida walimo *Thrinaxodon* na *Probainognathus*, kwenda artikula, kwadrati na kikuku. Edgar Allin ndiye aliyeitetea hoja hii mwaka 1975, na imesimama vizuri.

Mzigo ulipunguaje? Weka vidole shavuni ukaume meno. Msuli unaotuna hapo, wa shavu, pamoja na ule wa panja, yote miwili imejishikiza kwenye dentari. Kadiri misuli ilivyosogea mbele na kugawanyika, nguvu yake ilielekezwa zaidi kwenye meno. Lakini hiyo haitoshi. Mwaka 2018 Stephan Lautenschlager na wenzake waliyapima mataya haya kwa modeli za kompyuta, wakaona kilichopunguza mkazo kwenye bawaba ni hasa mwili wenyewe kuwa mdogo. Sinodonti *Cynognathus* ana fuvu la kukaribia sentimita 40, *Morganucodon* sentimita 3 hivi. Mla wadudu mwenye fuvu la sentimita 3 anaweza kuishi na bawaba nyembamba ambayo ingevunjika kwa mnyama wa kimo cha mbwa.

Na hatua hii haijapotea duniani. Oposamu huzaliwa akiwa bado hana bawaba ya dentari na skwamosa. Siku za kwanza za kunyonya taya lake linategemea nyundo na fuawe zikiwa bado gegedu, na bawaba ya kudumu hujengeka wiki kama tatu baadaye.

---

Mfuo_na_Mfereji

PanjaMoja ameeleza bawaba vizuri. Niongeze namna ya kusoma kipande chenyewe, kwa sababu mara nyingi fuvu zima hulipati. Unapata nusu ya taya, tena bila meno.

Geuza taya uangalie upande wa ndani. Makosa mengi huanzia kwa watu kuangalia nje, kwa kuwa nje ndiko kunakopendeza. Nyuma, chini ya bawa linalopanda, tafuta mfereji mpana wenye ukingo unaoufunika kwa juu. Huo ndio uliobeba mifupa ya nyuma. Mfereji mtupu ni ushahidi tosha: mifupa yenyewe ni myepesi na huanguka kabla taya halijafukiwa, lakini nafasi yake inabaki. Ukiuona, uko kwa sinodonti au kwa jamaa za *Morganucodon*. Ukikuta pamefungwa na pako laini, umeingia kwa wanyama walio karibu zaidi na mamalia wa leo. *Hadrocodium* wa Lufeng, mwenye fuvu la milimita 12 na uzito uliokadiriwa kuwa gramu 2 tu, alielezwa alipotangazwa kuwa hana mfereji huo, na ana umri wa kama miaka milioni 195.

Usichanganye mfereji na mfuo wa Meckel. Mfuo ni mwembamba, hupita chini ya mstari wa meno kuelekea mbele, na mamalia wengi wa enzi ya dinosaria bado wanao. Umuhimu wake ulionekana wazi kwa *Liaoconodon*, aliyetangazwa mwaka 2011 kutoka Liaoning, China: vijifupa vya sikio vimeshaachana na dentari, lakini vimeshikiliwa na gegedu la Meckel lililogeuka mfupa, ambalo ncha yake ya mbele imekaa ndani ya mfuo. Hatua aliyofikia yeye akiwa mnyama mkubwa, kiinitete chetu huipita tumboni.

Linalowachanganya watu hapa ni kudhani kuachana huko kulitokea mara moja. *Teinolophos* wa Australia, jamaa wa kinyamadege na ekidna, mamalia wanaotaga mayai, ndiye aliyetumika kudai kwamba ukoo wake ulitenganisha sikio peke yake, mbali na ukoo wetu. Tafsiri ya taya lake imebishaniwa, ila wengi sasa wanakubali kwamba utengano kamili ulitokea zaidi ya mara moja.

Sasa meno. Gego la jamaa wa *Morganucodon* lina mizizi miwili iliyotengana, na lina sehemu zilizosagika mahali pale pale kwa kila mnyama, kwa sababu gego la juu na la chini hukutana kwa mpangilio maalumu. Hilo haliwezekani kama meno yanabadilishwa kila mara maisha yote, kama anavyofanya mamba. Kwa hiyo msago unaolingana unakueleza pia kwamba mnyama alibadilisha meno mara moja tu.

Hata hivyo, usihukumu kwa sura ya meno peke yake. *Pakasuchus kapilimai*, kutoka bonde la Rukwa, alitangazwa mwaka 2010. Ana meno yanayofanana na chonge mbele, na nyuma ana magego yenye ncha na mabonde yanayosagana. Ukipewa gego lake moja unaweza kuapa ni la mamalia. Ni jamaa wa mamba. Fuvu na taya lake ndivyo vinavyomtambulisha: taya lina mifupa mingi na bawaba ni artikula na kwadrati.

---

Nyasa_Mashariki

Kwa swali la tatu, jibu langu ni kwamba Tanzania inao ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada. Ukurasa wa kati, ambao taya linageuka sikio, haujapatikana kwetu.

Bonde la Ruhuhu, mashariki ya Ziwa Nyasa, lina tabaka mbili zinazohusika. Ya chini ni Usili, ya mwisho wa Permia, kipindi cha kabla ya dinosaria. Humo ukiokota mfupa, uwezekano mkubwa ni wa disinodonti, wale wenye mdomo kama wa kobe na mara nyingi meno mawili marefu ya juu. Ni binamu zetu wa pembeni, hawako kwenye mstari wa kuja kwa mamalia. Wapo pia gorgonopsia wenye chonge ndefu, akiwemo *Rubidgea*. Wa kuangaliwa zaidi ni *Procynosuchus*, mmoja wa sinodonti wa mwanzo kabisa. Kaakaa lake la pili, yaani dari la mfupa linalotenganisha njia ya pua na kinywa, bado lina mwanya katikati. Amepatikana pia Zambia, Afrika Kusini na hata Korbach, Ujerumani, kwa sababu mabara yalikuwa yameungana.

Ya juu ni Manda, ya Triasi ya kati. Mwaka 1955 A. W. Crompton alieleza sinodonti wake: *Scalenodon*, *Cricodon*, *Aleodon*. Wawili wa kwanza wana magego mapana ya kusaga mimea na ukoo wao uliishia njiani. *Aleodon* naye ana magego mapana, na kwa muda mrefu aliwekwa kundi moja na hao, lakini uchambuzi wa miaka ya karibuni unamweka upande wa *Probainognathus*, yaani tawi letu. Kwa maoni yangu yeye ndiye kisukuku cha Manda kinachostahili kutajwa darasani kabla ya vingine vyote, ila hutamsikia mara nyingi. Crompton huyu huyu mwaka 1958 alieleza bawaba mbili za *Diarthrognathus* wa Afrika Kusini, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliomtangaza *Hadrocodium*. Kazi iliyoanzia kwenye mifupa ya Ruhuhu iliendelea kwa mkono mmoja hadi China.

Tendaguru, Lindi, ni ya mwisho wa Jurasi, karibu miaka milioni 150. Kati yake na Manda kuna pengo la miaka kama milioni 90, na mabadiliko ya bawaba aliyoeleza PanjaMoja, kuanzia *Probainognathus* hadi *Morganucodon*, yamo ndani ya pengo hilo. Wajerumani walichimba dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, na katika mzigo ule mkubwa kulikuwa na taya moja dogo lisilo na meno. Dietrich alilipa jina *Brancatherulum tendagurense* mwaka 1927. Miongo mingi baadaye Wolf-Dieter Heinrich alieleza meno na vipande vingine vidogo, vikiwemo vya *Tendagurodon* na *Allostaffia*. Mbele zaidi, katika Kretasi, Rukwa imetoa taya la *Galulatherium jenkinsi*, lililotangazwa mwaka 2019, mamalia mwenye meno yasiyokoma kukua.

---

Kirumbizi

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Bado mambo mawili. Kwa hayo yote, *Morganucodon* ni mamalia au si mamalia? Na je, hatuna kabisa ushahidi wa manyoya, maziwa na damu moto?

---

PanjaMoja

Inategemea unaweka mpaka wapi, na wataalamu wanatumia miwili. Wa zamani ni bawaba: mwenye dentari inayogusa skwamosa ni mamalia, basi *Morganucodon* ameingia. Unaotumika zaidi sasa ni wa ukoo: mamalia ni babu wa mwisho wa pamoja wa kinyamadege, kangaruu na binadamu, pamoja na wazao wake wote. Kwa mpaka huo *Morganucodon* anabaki mlangoni, nje kidogo. Mimi naupendelea wa pili, kwa sababu wa kwanza unakulazimisha ukate katikati ya mabadiliko yaliyochukua mamilioni ya miaka. Ukisoma makala mbili zinazopingana kuhusu “mamalia wa kwanza”, angalia kwanza kila mwandishi anatumia mpaka upi. Mara nyingi ugomvi wote uko hapo.

Manyoya tunayo. *Castorocauda* wa China, wa miaka milioni 164, amehifadhiwa na alama za manyoya na mkia bapa wa kuogelea, na yeye pia yuko nje ya mpaka wa pili. Kwa hiyo manyoya yalitangulia.

Maziwa yanasomwa kwa meno. Mtoto anayenyonya anaweza kukuza taya lake bila meno, halafu akaota seti moja ya utotoni na seti moja ya kudumu. Mtoto anayejitafutia tangu siku ya kwanza anahitaji meno tangu siku ya kwanza, na ayabadilishe tena na tena kadiri taya linavyokua. *Thrinaxodon* alibadilisha mara nyingi. *Morganucodon* alibadilisha mara moja.

Idadi ya watoto nayo inasema kitu. *Kayentatherium* wa Arizona, sinodonti wa Jurasi ya mwanzo, alikutwa na watoto 38 wenye mafuvu yaliyo kama ya mkubwa aliyepunguzwa tu. Hakuna mamalia wa leo anayezaa hivyo kwa kawaida.

Damu moto haikuja siku moja. Mwaka 2022 Ricardo Araújo na wenzake walipima mifereji ya sikio la ndani inayosaidia mwili kukaa sawa bila kuyumba. Mwili ukiwa na joto, majimaji ya humo huwa mepesi zaidi, na mifereji lazima iwe myembamba ili ifanye kazi sawasawa. Wakaona badiliko la ghafla karibu miaka milioni 233 iliyopita. Lakini mwaka 2020 kundi jingine lilihesabu mistari ya mwaka kwenye saruji, yaani tabaka gumu linalofunika mizizi ya meno, kwa eksirei kali, likaona *Morganucodon* aliweza kuishi hadi miaka 14. Mamalia mdogo wa leo wa uzito ule huishi mwaka mmoja au miwili. Maisha marefu hivyo yanaashiria mwili unaochoma chakula polepole. Matokeo haya mawili bado hayajapatanishwa vizuri, na asikwambie mtu kwamba mjadala umefungwa.

---

Mfuo_na_Mfereji

La mwisho, kwa yeyote atakayefikia hatua ya kushika mifupa hii maabara au makumbusho. Msianze kusafisha upande wa ndani wa taya. Udongo ulioziba mfereji ndio unaoshikilia artikula na angula, kama bado zipo. Piga picha pande zote, pitisha kwenye skani kwanza, ndipo uguse. Kuna mataya ya zamani ambayo mfereji wake umejazwa gundi na plasta, ukapakwa rangi, na msomaji wa baadaye akadhani umefungwa kwa asili.

Mawe ya chokaa huyeyushwa kwa asidi ya asetiki ya asilimia 5 hadi 10. Ongeza kalsiamu fosfati, gramu 1 kwa lita, ili asidi isile mfupa. Mfupa unaojitokeza ukaushwe na upakwe Paraloid B72, gundi ya kuimarisha mfupa, iliyoyeyushwa kwenye asetoni kabla ya kurudishwa. Mabaki yapitishwe kwenye chekeche ya milimita 0.5 au ndogo zaidi, kwa kuwa gego la *Morganucodon* ni la milimita 1 hadi 2 tu na chekeche ya mchanga italipitisha. Udongo wa mfinyanzi na mabonge yenye ganda la chuma, kama mengi ya Ruhuhu, hayasikii asidi hii. Hayo ni ya sindano na kalamu ya upepo chini ya darubini, polepole.

Kosa linaloharibu vielelezo vingi ni kuharakisha kuosha. Kila saa moja ndani ya asidi ilipwe kwa angalau saa tatu ndani ya maji safi yanayobadilishwa. Chumvi ikibaki ndani ya mfupa, itaganda wakati wa kukauka na kuupasua, na pengine utauona mpasuko baada ya miezi, kielelezo kikiwa tayari kabatini.

Kuhusu kuokota: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, na kuchimba kunahitaji leseni. Ukikutana na mfupa kwenye korongo, uache ulipo, piga picha yenye kitu cha kipimo, chukua alama za GPS, andika uko kwenye tabaka gani na kimo gani kutoka chini ya korongo, kisha toa taarifa. Taya lisilojulikana limetoka tabaka gani haliwezi kupewa umri, hata likiwa zima kiasi gani.